Chuo kina ithibati, yaani kimethibitishwa rasmi kwa ubora. Je, programu unayoiomba nayo inayo?

Msimu wa udahili ukifika, wazazi wanaopiga simu kwenye vitengo vya udhibiti ubora vyuoni huuliza zaidi swali moja: "Chuo hicho kinatambulika?" Swali ni la msingi, ila ni nusu tu. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), iliyoanza kazi mwaka 2005 ikirithi majukumu ya Baraza la Ithibati la Elimu ya Juu, hukagua chuo chenyewe, kisha hukagua na programu zinazofundishwa humo. Chuo kinaweza kuwa halali kabisa, lakini kikawa na shahada kisiyoruhusiwa kuidahilia. Mwaka 2017 wengi walilijua hilo kwa uchungu: Tume ilivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya, na katika vyuo vingine 22 ikazuia programu 75 tu, nyingine zikaendelea. Kwa hiyo tafuta jina la programu yako kwenye mwongozo wa udahili wa TCU, si jina la chuo pekee.

Programu hupimwaje? Kwanza kwa kile inachoahidi. Mfumo wa tuzo za vyuo vikuu (yaani shahada na vyeti vinavyotolewa) uliotolewa mwaka 2012 unataka kila programu itaje mhitimu ataweza kufanya nini. Hapo ndipo mitaala mingi hujikwaa. Mtaala wa kilimo ukiandika kwamba mwanafunzi "atafahamu magonjwa ya mimea", mimi ninayeukagua huuwekea alama nyekundu, maana kufahamu hakupimiki. Ukiandika kwamba ataweza kutambua ugonjwa wa michirizi ya kahawia kwenye shamba la mihogo na kumshauri mkulima hatua za kuchukua, hapo tuna la kukagua: Je, kuna shamba la mafunzo? Kuna mwalimu mwenye ujuzi huo? Mtihani unampeleka mwanafunzi shambani, au unamuuliza maswali ya kuchagua jibu na kuishia hapo?

Pili, mzigo wa kazi. Krediti moja ni saa 10 za kujifunza, na mwaka mmoja una krediti 120. Shahada ya miaka mitatu hufika 360. Wanafunzi wengi huhesabu saa za darasani tu (na baadhi ya wahadhiri pia, tuseme ukweli). Somo la krediti 10 ni saa 100. Mihadhara na semina zikichukua 45, zilizobaki 55 ni za maktaba, maabara, mazoezi na maandalizi ya mtihani, na chuo kinatakiwa kuwa na mahali pa kuzitumia. Ndiyo maana wakaguzi huhesabu viti vya maktaba.

Jambo linalowachanganya wengi ni namba za ngazi ambazo mfumo wa tuzo wa kila nchi huipa shahada. Tanzania huiweka shahada ya kwanza ngazi ya 8, ya uzamili 9 na ya uzamivu 10. Kenya shahada hiyohiyo ya kwanza ni ngazi ya 7. Katika mfumo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliopitishwa mwaka 2015 na kuratibiwa na Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki lenye makao yake Kampala, ni ngazi ya 6. Mhitimu wa Dodoma hamzidi wa Eldoret kwa ngazi moja. Kila mfumo umegawa ngazi zake kivyake, na wanaolinganisha shahada hutazama krediti, maudhui na umahiri uliopimwa.

Kwa sababu hiyo, anayekwenda kusoma au kufanya kazi nchi jirani asibebe cheti peke yake. Abebe na taarifa ya matokeo inayoonyesha krediti, pamoja na muhtasari wa kila somo, auombe idarani kabla hajaondoka chuoni. Aliyesoma nje na kurejea nyumbani apeleke tuzo yake TCU itambuliwe mapema, asisubiri siku tangazo la ajira linapotoka.