Akwaria inafuga au inahifadhi?

Akwaria mpya, yaani jumba la kuonyeshea viumbe wa majini, ikifunguliwa popote, habari zake hazikosi neno "uhifadhi". Papa yumo tangini, basi anahifadhiwa. Kasa anapita mbele ya kioo, naye anahifadhiwa. Linavyotumika ovyo hivi, watu hawaioni tena kazi yenyewe, na ni kazi ngumu ya miaka mingi.

Uhifadhi ni kuhakikisha spishi inaendelea kuishi na kuzaana katika makazi yake ya asili. Kufuga ni kumlisha mnyama, kumtibu na kumsafishia maji.

Mkanganyiko unaanzia kwenye kioo. Mgeni akiona samaki mnono mwenye rangi zinazong'aa, hudhani spishi nzima iko salama, ilhali afya ya samaki huyo haisemi lolote kuhusu wenzake walioko baharini. Tena spishi nyingi za maji chumvi zinazopamba matangi huvuliwa kwenye miamba ya matumbawe, kwa kuwa ni chache tu ambazo binadamu amefaulu kuzizalisha. Tangi linalojazwa hivyo linachukua baharini na halirudishi. Kuliita la uhifadhi ni kumpotosha aliyelipa kiingilio akiamini anasaidia.

Kazi halisi inafananaje? Huko Mexico kuna Mto Teuchitlán, ambako kisamaki kiitwacho Zoogoneticus tequila kilitoweka mwaka 2003. Bahati nzuri, mwaka 1998 jozi tano zilikuwa zimepelekwa kutoka bustani ya wanyama ya Chester Zoo, Uingereza, hadi chuo kikuu kimoja cha jimbo la Michoacán huko huko Mexico. Watafiti waliwazalisha mpaka wakawa wengi, ila hawakukimbilia kuwamwaga mtoni, maana samaki aliyezaliwa tangini hajui kutafuta chakula wala kumkimbia adui. Kwanza waliwekwa kwenye mabwawa ya nje, wakakutana na vimelea na wanyama wa kuwawinda. Hapo ndipo zaidi ya 1,500 waliporudishwa mtoni, na wakaazi wa eneo hilo wakashirikishwa kuyaangalia maji. Samaki wakazaana. Huo ndio uhifadhi, na sehemu yake kubwa ilifanyika mbali na macho ya watalii.

Monterey Bay Aquarium ya California, iliyofunguliwa 1984, nayo huwapa watoto yatima wa fisi-maji wa baharini mama wa kambo wa spishi yao, kisha huwaachia wakikua. Katika Elkhorn Slough, hori la bahari huko huko California, utafiti uliochapishwa 2019 ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya ongezeko la fisi-maji lilitokana na walioachiwa hivyo na vizazi vyao.

Katikati ya kufuga na kuhifadhi wako furu, samaki wadogo wa Ziwa Victoria. Baada ya sangara, samaki mkubwa anayewala wenzake, kuingizwa ziwani miaka ya 1950, spishi nyingi za furu zilipungua vibaya au kupotea, na baadhi zimefugwa kwenye matangi ya Ulaya na Marekani ili mbegu isikatike. Hiyo ni akiba, na akiba ina thamani kubwa, ingawa bado ni nusu ya safari.

Kwa hiyo anayeandika habari za akwaria aseme "inafuga" au "inatunza" bila kuona haya, kwani ni ujuzi wa kuheshimiwa. "Inahifadhi" alitumie pale anapoweza kutaja mto, mwamba au ziwa ambalo kazi hiyo inalisaidia.