Ukuta wa Hadrian si mpaka wa England na Scotland

Ujumbe unaozunguka kwenye magrupu unadai kwamba Ukuta wa Hadrian, uliojengwa na Warumi, ndio mpaka wa England na Scotland. Si kweli. Ukuta wote, takriban kilomita 117, uko ndani ya England. Fungua ramani kwenye simu, tafuta Wallsend, unakoishia mashariki: mpaka wa leo uko zaidi ya kilomita 60 kutoka hapo. Mkanganyiko unaeleweka, kwani upande wa magharibi, Bowness-on-Solway, Scotland inaonekana ng'ambo ya maji. Ila ujenzi ulipoanza mwaka 122 BK, nchi hizo mbili hazikuwepo.

Ukiupokea tena, tafadhali usiusambaze. Mrudishie ramani hiyo aliyekutumia ujumbe.

Wala ukuta haukufunga njia. Karibu kila kilomita moja na nusu palikuwa na lango. Magofu ya Corbridge, mji wa Kirumi ulio kusini kidogo ya ukuta, yanaonyesha hivyo vizuri: barabara kuu iliupitia mji ikaendelea kaskazini. Tazama maghala yake ya nafaka. Sakafu ya mawe bapa imeinuliwa juu ya vijikuta vifupi, na matundu ukutani yanapitisha hewa chini yake, nafaka isiote ukungu.