Hajabemendwa, ana utapiamlo: maswali ya mama na baba siku ya kliniki

Nahudumu zahanati ya kijiji huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, kwenye mahindi, maharage, viazi na parachichi. Maswali haya huulizwa karibu kila siku ya kliniki, na kila mwezi kuna mtoto anayeletwa akiwa amechelewa kwa sababu watu wazima walimaliza kwanza kuamini jambo lisilo la kweli.

Mtoto amevimba miguu, nywele zimekuwa nyepesi na nyekundu. Bibi anasema amebemendwa. Ni kweli?

Hapana. Hajabemendwa. Wapo wanaoamini kwamba wazazi wakikutana kimwili mama akiwa bado ananyonyesha, au mmoja wao akitoka nje ya ndoa, mtoto hudhoofika. Tendo la ndoa halimdhoofishi mtoto wala halichafui maziwa ya mama. Huyo ana utapiamlo mkali, ule tunaouita kwashakoo. Mbonyeze kwa kidole gumba juu ya mguu, hesabu sekunde tatu, uachie. Kikibaki kishimo, na mguu wa pili ukiwa hivyohivyo, mlete leo. Msimsubirie siku ya kliniki.

Mganga ametupa dawa ya siku saba. Tukimaliza tutakuja.

Msimalize. Njooni leo. Mama mmoja alimleta mwanawe wa mwaka na miezi miwili baada ya wiki tatu za dawa za kuogeshwa. Kiunoni alikuwa na kamba nyeusi, na ngozi ya mapajani ilikuwa inabanduka kama imeungua. Mbuzi wa familia alikuwa ameshauzwa kumlipa mganga. Wiki zote hizo baba na mama walikuwa hawasemezani, kila mmoja akimshuku mwenzake usaliti, na mtoto hana hata hamu ya kulia. Tulimpa rufaa saa ileile, na alipona. Wengine nimewapokea wamechelewa kuliko yeye, hawakupona.

Basi tumshibishe kwanza nyumbani apate nguvu ya safari?

Hapana, nawaomba sana. Mtoto aliyefikia hapo hawezi kubebeshwa sahani ya ugali. Mwili wake umepoa, sukari inashuka, mara nyingi ana maambukizi bila hata homa. Hospitali huanza na maziwa ya tiba kwa kipimo kidogo, kila baada ya saa chache, usiku na mchana. Akitulia ndipo anapewa chakula dawa, ile karanga ya kwenye pakiti. Chakula kingi cha ghafla kinaweza kumuua. Mlete leo.

Wangu hajavimba wala hajakonda, ni mfupi tu. Si urefu wa ukoo?

Kwa umri mdogo hivi, ukoo ni kisingizio. Mtoto ambaye kimo chake kiko chini sana ya umri wake amedumaa, maana yake kwa muda mrefu hakupata chakula cha kutosha na cha aina mbalimbali, au aliugua mara kwa mara. Udumavu huanzia tumboni. Siku 1,000, tangu mimba inapotungwa hadi miaka miwili, ndizo zenye nafasi kubwa ya kuuzuia. Baadaye kuurudisha nyuma ni vigumu mno. Ndiyo maana nawagombeza mnaoacha kliniki baada ya chanjo ya surua ya miezi 9. Ya pili ni miezi 18, na kupimwa kunaendelea hadi miaka mitano.

Lakini sisi tuna chakula. Ghala limejaa.

Hilo ndilo linaloniuma. Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Iringa ilikuwa karibu asilimia 57, Njombe na Rukwa karibu nusu ya watoto. Hii ndiyo mikoa inayolisha miji.

Nikiuliza mtoto amekula nini tangu asubuhi, najibiwa: uji. Uji gani? Mweupe. Mama ameondoka shambani alfajiri, mtoto ameachwa kwa dada wa miaka minane na uji wa jana kwenye chupa ya chai. Maharage yameuzwa, mayai yameuzwa, parachichi zimepanda gari zote. Msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi, wakubwa wanarudi giza limeingia na mtoto ameshalala. Fedha ya mavuno ikifika, haina fungu la yai. Ponda maharage, tia dagaa waliosagwa, bakiza parachichi mbili nyumbani. Akitimiza miezi sita anza kumlisha huku ukiendelea kumnyonyesha, na karanga zenye ukungu zitupwe: zina sumukuvu.

Udumavu na umaskini vinahusianaje? Wengi tulikua hivyo na tunaishi.

Mnaishi, lakini hasara ipo. Nchini Guatemala, kuanzia mwaka 1969, watoto wa vijiji fulani walipewa uji wenye protini na wa vijiji vingine kinywaji kitamu kisicho na protini. Walipofuatiliwa ukubwani, wanaume waliopata uji ule kabla ya miaka mitatu walikuwa wanalipwa kwa saa asilimia 46 zaidi ya wenzao. Kwa majirani zetu Rwanda, hesabu ya mwaka 2012 ilikadiria kuwa utapiamlo wa watoto unaigharimu nchi asilimia 11.5 ya pato lake la mwaka: matibabu, kurudia madarasa, nguvu kazi iliyopotea. Mtoto wa kaya maskini akidumaa, naye huja kulea akiwa maskini.

Na asiye na kitu kabisa?

Sera inasema matibabu ya mtoto chini ya miaka mitano katika vituo vya serikali ni bure, hivyo msikae nyumbani kwa kuogopa bili. Kaya maskini zilizoandikishwa TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa serikali, hupewa ruzuku ya fedha, na sehemu yake imefungwa kwenye sharti la watoto kuhudhuria kliniki na shule. Naona tofauti kwa macho: mama mwenye ruzuku ananunua dagaa. Isipokuwa pale inapoishia mfukoni mwa baba, na hilo nalisema mbele ya akina baba wenyewe. Halmashauri nazo zimeelekezwa kutenga angalau shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kwa ajili ya lishe. Ulizeni kwenye mkutano wa kijiji zimetengwa ngapi na zimetumikaje. Ni haki yenu kuuliza.

Zahanati ni mbali na nauli sina.

Nenda kwa mhudumu wa afya wa kitongoji chenu. Ana utepe wa kupimia unene wa mkono. Kwa mtoto wa kuanzia miezi sita, ukisoma chini ya sentimita 11.5, sehemu nyekundu, yuko hatarini hata kama anacheza. Mwambie atupigie simu, tutapanga mtakavyofika. Msianzie kwa mganga. Mkiwa mmeshaanzia huko, njooni hivyohivyo na kamba kiunoni, hakuna atakayewafukuza.