Mtoto aliyepotezana na wazazi si lazima awe yatima

Mafuriko yakipita, mtoto akikutwa peke yake, wengi hukimbilia kusema: "Maskini, yatima huyu, atafutiwe wa kumlea." Haraka ya nini? Mara nyingi mama yuko hai, pengine kambi ya pili tu, naye anahangaika kumtafuta. Baada ya tsunami ya Desemba 2004, Indonesia ilizuia watoto kutolewa mkoa wake wa Aceh bila wazazi, kwa kuhofia wasafirishaji haramu wa watu.

Kinachosaidia ni kuandika mapema: alipokutwa, nani alimleta, alama mwilini, nguo alizovaa. Mtoto wa miaka miwili ukimuuliza jina la mama yake atakujibu "mama". Kwa hiyo gauni lile lenye tope lisitupwe kabla ya kupigwa picha.