Kisukari na saratani ya mirija ya nyongo: kuipata ni jambo moja, kuishi nayo ni jingine

Mzee ameishi na sukari miaka kumi na mitano. Anameza vidonge vyake asubuhi, anaenda kliniki, maisha yanaendelea. Kisha macho yanakuwa ya njano, mkojo unakuwa kama chai ya rangi, choo kinapauka kama udongo wa mfinyanzi, na mwili mzima unamwasha usiku. Vipimo vinafanyika, na daktari anataja saratani ya mirija ya nyongo. Familia huuliza kwanza: ni sukari iliyoleta hii? La pili huulizwa nje ya wodi, kwa sauti ya chini: je, hiyo sukari itammaliza haraka zaidi?

Maswali haya huchanganywa sana, hata na wanaoandika habari za afya. La kwanza linahusu hatari ya kupata ugonjwa. La pili linahusu kile ambacho madaktari hukiita matokeo: mgonjwa ataishi muda gani, uvimbe utarudi au hautarudi, atatoka salama kwenye upasuaji, na siku zake zitakuwa za namna gani. Kitu kinaweza kuongeza hatari ya ugonjwa bila kubadilisha sana mwenendo wake ukishaingia.

Tuanze na ramani ya tumbo. Nyongo hutengenezwa na ini. Hupita kwenye vijirija vidogo ndani ya ini, vinavyoungana kama vijito mpaka kuwa mrija mmoja mkuu, ambao hushuka hadi kwenye kichwa cha kongosho na kumwaga nyongo kwenye utumbo mwembamba. Saratani inaweza kuanzia ndani ya ini, au pale mrija wa kulia na wa kushoto inapokutana, au chini kabisa jirani na kongosho. Na kongosho ndilo linalotengeneza insulini. Huu ujirani tutaurudia.

Kuhusu hatari, tafiti nyingi zikijumlishwa zinaonyesha kwamba mwenye kisukari ana uwezekano wa kupata saratani hii takriban mara moja na nusu ya asiye nacho. Insulini iliyo juu kwa miaka mingi, mafuta kwenye ini na uvimbe wa ndani kwa ndani usioisha (si ule wa saratani) vinatajwa kama njia zake. Lakini saratani hii ni adimu, na mara moja na nusu ya kitu kidogo bado ni kidogo. Wengi mno wenye sukari hawataipata kamwe. Kaskazini mashariki mwa Thailand, ambako inapatikana kwa wingi kuliko popote duniani, chanzo kikuu ni mnyoo wa ini anayeingia mwilini kwa kula samaki wabichi wa maji baridi.

Kuhusu matokeo, kinachoamua zaidi ni kama uvimbe unaweza kuondolewa wote kwa upasuaji, na kama umeshafika kwenye tezi au viungo vingine. Kwa bahati mbaya wengi hugunduliwa wakati upasuaji hauwezekani tena. Jaribio kubwa la Uingereza, lililochapishwa mwaka 2010 na kuhusisha wagonjwa 410, lilionyesha kwamba dawa mbili za dripu kwa pamoja, gemsitabini na sisplatini, ziliwapa wagonjwa wastani wa miezi 11.7, dhidi ya 8.1 kwa waliopewa gemsitabini peke yake. Sukari peke yake haina uzito wa kulinganishwa na hatua ambayo uvimbe umefikia, na tafiti zilizojaribu kupima mchango wake kwenye muda wa kuishi hazijakubaliana.

Mfano mzuri wa tofauti hii ya hatari na matokeo unatoka Mayo Clinic, hospitali ya utafiti ya Marekani. Mwaka 2013 watafiti wa huko walitoa matokeo kwamba miongoni mwa wenye kisukari, waliokuwa wakitumia metformini, kidonge cha kawaida cha kisukari, walikuwa na uwezekano mdogo zaidi, kwa kama asilimia 60, wa kupata saratani ya mirija iliyo ndani ya ini. Habari ikasambaa, na watu wakaanza kuitazama metformini kama dawa ya kansa. Baadaye walipofuatilia wenye kisukari ambao tayari walikuwa na saratani hiyo, waliokunywa metformini hawakuishi zaidi ya wenzao.

Hata zile namba za mwanzo zinahitaji jicho la tahadhari. Metformini haiandikwi kwa mtu ambaye figo zimechoka. Kwa hiyo kundi la wanaoitumia, kwa jumla, lina miili yenye nguvu zaidi kabla hata dawa haijafanya lolote. Vilevile, anayeishi muda mrefu baada ya kugundulika ana miezi mingi zaidi ya kuandikiwa dawa mpya. Usipoweka mambo haya kwenye hesabu, dawa itapewa sifa ambayo ni ya figo nzima na ya muda.

Pale ambapo kisukari kinamgusa mgonjwa kweli ni kwenye safari ya matibabu, na hapa ndipo ningependa familia ziweke macho. Sisplatini huumiza figo. Kisukari nacho huumiza figo. Sisplatini huleta ganzi kwenye vidole vya miguu, kisukari nacho. Mgonjwa aliyeanza dripu akiwa na ganzi tayari anaweza kujikuta hahisi msumari kwenye kandambili. Dawa ya kuzuia kutapika inayotolewa siku ya dripu mara nyingi ni deksamethasoni, na hiyo hupandisha sukari kwa siku kadhaa: aliyezoea kuona 8 kwenye mashine ya kidole anaona 17 na kudhani kansa imeenea. Akiwekewa kijirija cha plastiki au cha chuma kufungua njia ya nyongo, bakteria wanaweza kupanda humo, na sukari iliyo juu huwapa nafasi. Homa na kutetemeka kwa mtu mwenye kijirija hicho ni sababu ya kwenda hospitali usiku huohuo. Na kama uvimbe uko chini na daktari akalazimika kuondoa kichwa cha kongosho, sehemu ya kiwanda cha insulini imekwenda pia. Hata asiyekuwa na sukari anaweza kutoka na sukari.

Kisukari pia huchelewesha ugunduzi. Mtu akikonda, wanasema ni sukari. Akiwashwa, wanasema ni sukari. Macho ya njano ndiyo yanayokata ubishi, na wakati mwingine huwa yamechelewa.

Jambo linaloniumiza zaidi nimelikuta kitandani. Mgonjwa amebaki mifupa, ameomba uji, na binti yake, kwa mapenzi kabisa, ameuondoa kwa sababu amesikia kwamba sukari inalisha kansa. Seli zote hutumia glukosi, za saratani na za moyo, na mwili ukinyimwa chakula huitengeneza wenyewe kwa kuchoma misuli. Mgonjwa wa aina hii hufa mapema kwa kukonda. Apewe uji, uwe na karanga au maziwa, na dawa zirekebishwe kufuata anachokula.

Na zirekebishwe kweli. Hamu ya kula ikipotea na ini likichoka kuweka akiba, sukari hushuka yenyewe. Nyumbani hufurahi: sukari imepona! Kumbe glibenklamidi, kidonge kingine cha kushusha sukari, ya kipimo kilekile cha zamani inaweza kumzimisha alfajiri, akiwa analowa jasho na kuongea maneno yasiyoeleweka. Ukiona hivyo na bado anaweza kumeza, mpe maji ya sukari, mpime, kisha nenda hospitali. Na daftari la sukari liende naye kila siku ya dripu, si siku ya kliniki ya kisukari tu: daktari wa saratani alisome mbele yenu.