Soketi Kuingia Si Kuoana: Dhana Potofu za Injini na Kontroli Boksi

"Fundi, soketi zimeingia zote bila kulazimisha, kwa hiyo kontroli boksi ni yenyewe." Kauli hii nimeichoka. Kontroli boksi ni kompyuta ya injini, na soketi ni vichwa vya waya vinavyochomekwa humo. Gari limeletwa kwa kuvutwa na kamba, injini kutoka Japani imeshafungwa, na jambo la kwanza mwenye gari analonieleza ni kwamba soketi zimeingia.

Umbo la soketi halikuambii pini zake zinafanya kazi gani. Toyota imetumia soketi za umbo moja kwenye magari mengi, lakini mpangilio wa pini ukawa tofauti. Pini inayopokea ishara ya sensa ya volti 5 kwenye gari moja inaweza kukutana na waya wa volti 12 kwenye gari jingine. Ukiwasha swichi mara moja tu, unaweza kuunguza sakiti ya ndani, na kontroli boksi iliyokuwa nzima ukaipoteza.

Dhana hii ina pacha wake: injini zikiwa na namba moja, kila kitu kinaingiliana. Si kweli. Chukua 1NZ-FE, injini ya cc 1500 iliyomo kwenye Vitz, IST, Probox na Premio. Katika zile za awali, throto (kilango cha kuingizia hewa kwenye injini) huvutwa na kebo kutoka kwenye pedali. Katika za baadaye, throto huzungushwa na mota ya umeme, na pedali yenyewe ina sensa. Kontroli boksi ya gari la kebo haina sakiti ya kuendesha mota hiyo, hata uunge waya kwa ustadi gani. Na hapo bado hatujagusa giaboksi. Kwenye Toyota nyingi za rika hilo, kontroli boksi ya gari la oto ndiyo hiyo hiyo inayoamuru solenoidi (vali za umeme) za giaboksi. Ukiweka ya manyuo, injini inaweza kunguruma vizuri kabisa, ila gia hazitabadilika inavyotakiwa.

"3S ni 3S" nayo imewatia wateja wangu hasara. 3S-FE ya RAV4 ya zamani hunyunyizia petroli kwenye manifodi (mabomba ya kuingizia hewa). 3S-FSE, ile D-4 ya Corona Premio, huinyunyizia moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa. Ina pampu inayoendeshwa na injini, na boksi jingine la kuendesha nozeli. Kontroli boksi ya ile RAV4 haiwezi kuiendesha D-4.

Kama unarudishia injini ya namba ile ile, mara nyingi huna haja ya kununua kontroli boksi. Hamisha throto yako, sensa zako na wayaringi yako (fungu la waya za injini) uvifunge kwenye injini iliyokuja. Throto ikigoma kukaa, hamisha na manifodi yake. Kama unabadilisha aina ya injini, nunua injini, wayaringi nzima na kontroli boksi vilivyotoka kwenye gari moja. Muuzaji aliyekata wayaringi ili atoe injini haraka, achana naye hata akipunguza bei. Ukivipata vyote vizima, kazi inayobaki ni kuiunganisha injini na gari: umeme wa swichi, rilei ya pampu ya mafuta, taa ya chaji, taa ya oili, geji ya joto, ishara ya mwendo. Hizo zinafuatwa kwa michoro ya magari yote mawili na kupimwa kwa mita, pini kwa pini.

"Unga nyekundu kwa nyekundu." Hapana. Rangi hubadilika kati ya gari na gari, na ndani ya wayaringi moja utakuta waya kadhaa za rangi moja zenye kazi tofauti.

"Jaribu na balbu." Kwenye taa za mbele, sawa. Kwenye waya za sensa, sikubali: balbu huvuta umeme mwingi kuliko njia hizo zinavyoweza kutoa. Tumia mita.

"Injini inawaka sekunde mbili inazima, basi pampu ya mafuta mbovu." Huenda. Lakini kama kontroli boksi ilitoka kwenye gari lenye ufunguo wa chipu, anza na imobilaiza, mfumo wa kuzuia wizi unaoitambua chipu ya ufunguo. Inasubiri ufunguo uliobaki Japani. Dai ufunguo huo na kifaa cha kusomea chipu kabla hujalipa, la sivyo tafuta mtu wa kusajili funguo upya.

Na mkiwa hapo dukani, soma kibandiko cha kontroli boksi. Nyingi za Toyota huanza na 89661, na wengi huishia kulinganisha hapo. Namba hiyo inasema tu kwamba ni kompyuta ya injini. Linganisha tarakimu zote zinazofuata baada ya kistari, na kama kuna maandishi ya A/T (oto) au M/T (manyuo), yasome pia.