Je, wajua kwa nini hospitali ya Philadelphia ilianzia gazetini?

Mwaka 1751 Philadelphia, katika koloni la Kiingereza la Pennsylvania huko Amerika, ilikuwa bandari yenye shughuli nyingi lakini haikuwa na hospitali. Mwenye fedha alitibiwa kitandani kwake. Maskini, au mgeni aliyeshuka melini akiwa hoi, mara nyingi hakuwa na pa kuuguzwa vizuri. Daktari Thomas Bond alipoanza kupita kwa watu kuomba michango ya kujenga hospitali, wengi walimuuliza swali moja kabla ya kutoa hata senti: je, umeshaongea na Benjamin Franklin? Franklin hakuwa daktari. Alikuwa mwenye gazeti la Pennsylvania Gazette, na hapo ndipo penye jibu.

Katika makoloni ya Kiingereza ya Amerika tiba haikuwa na msimamizi. Sheria ya kumtahini tabibu kabla ya kumruhusu kutibu ililifikia jiji la New York mwaka 1760 tu. Kabla ya hapo yeyote angeweza kujiita daktari, na chupa ya dawa haikukaguliwa na mtu. Kilichobaki ni kujitangaza hadharani: jina lako, mahali ulipo, bei yako, vyote vichapwe ili kila mtu avione na akuulize.

Gazeti lenyewe lilikuwa dogo. Karatasi moja kubwa ilikunjwa katikati ikatoa kurasa nne, mara moja kwa wiki. Herufi za madini ya risasi zilipangwa kwa mkono, moja moja. Tangazo likishapangwa, mchapaji angeweza kuziacha herufi zake zilivyo na kuzitumia tena wiki inayofuata, na ndiyo maana wiki ya kwanza ilikuwa ghali zaidi. Virginia Gazette ya Williamsburg, kwa mfano, ilitoza shilingi 3 kwa tangazo la urefu wa wastani katika wiki ya kwanza, na shilingi 2 kwa kila wiki iliyofuata. Matangazo mengi yalimalizia kwa kumwelekeza msomaji akaulize kwa mchapaji, kwa hiyo duka la uchapaji likawa pia ofisi ya habari ya mji. Kupitia mlango huohuo watu waliuzwa utumwani, tangazo la mtu likiwa jirani na tangazo la vidonge. Anayesoma kurasa hizo leo asiuruke ukweli huo.

Matangazo ya dawa yalikuwa makavu kuliko unavyotarajia. Mwaka 1708 gazeti la Boston News-Letter lilitangaza Daffy's Elixir Salutis, iliyouzwa na Nicholas Boone kwa shilingi 4 na peni 6 kwa chupa ya nusu painti. Mara nyingi muuza dawa aliorodhesha majina tu: Daffy, Bateman, Godfrey, Turlington. Nafasi ilikuwa finyu, na sifa za dawa zilikuwa zimeshachapwa kwenye karatasi iliyofungwa pamoja na chupa kutoka Uingereza. Kasoro kubwa ilikuwa kwenye chupa yenyewe. Walaghai walinunua chupa tupu wakazijaza mchanganyiko wao. Robert Turlington, aliyepata hataza ya mfalme (haki ya peke yake) kwa dawa yake mwaka 1744, alilazimika kubadili umbo la chupa mwaka 1754 kwa sababu ya wizi huo. Na hata dawa halisi ilikuwa na hatari yake: Godfrey's Cordial, iliyonyweshwa watoto ili watulie, ilikuwa na afyuni.

Lakini ukurasa huohuo uliweza pia kuitoa dawa bure. Mwaka 1750, huko South Carolina, Mwafrika mtumwa aliyeitwa Caesar aliijua tiba ya sumu. Baraza la koloni lilimnunulia uhuru wake na kumpa pauni 100 kwa mwaka maisha yake yote, kwa sharti kwamba aiseme siri yake, kisha likaamuru ichapwe katika South Carolina Gazette. Kipimo kilikuwa wazi: wakia 3 za mizizi ya mimea miwili iliyojulikana huko, mibichi au mikavu, ichemshwe katika kwati 2 za maji (karibu lita 2) mpaka ibaki kwati 1, ichujwe, mgonjwa anywe theluthi moja kila asubuhi kabla ya kula, asubuhi tatu mfululizo. Iwe iliponya au haikuponya, msomaji wa mbali alipata maelekezo kamili bila kumlipa mtu, na mwenye elimu hiyo alitajwa kwa jina.

Franklin aliijua nguvu hiyo ya gazeti hata kwa msiba wake. Mwanawe Francis alipofariki kwa ndui mwaka 1736 akiwa na miaka minne, uvumi ulienea kwamba ameuawa na chanjo. Tarehe 30 Desemba mwaka huo Franklin alichapa katika gazeti lake kwamba mtoto hakuwahi kuchanjwa. Ndui ilimpata kwa njia ya kawaida. Hakutaka wazazi wengine waiogope chanjo kwa sababu ya uongo.

Sasa turudi kwenye hospitali. Michango ya kwanza ilikuja vizuri, kisha ikapungua. Ombi likapelekwa kwenye Baraza la Pennsylvania, na wajumbe wa mashambani wakapinga: hospitali itawafaa watu wa mjini tu, na fedha zote zitaliwa na madaktari. Hoja ya madaktari ilijibiwa na Bond, nduguye Phineas na Lloyd Zachary, walioahidi kutibu bila malipo kwa miaka mitatu. Kwa hoja kwamba itawafaa watu wa mjini tu, Franklin alitunga sheria yenye sharti, iliyopitishwa Mei 1751. Wachangiaji wakusanye kwanza pauni 2,000 za mtaji. Mtaji usiguswe, riba yake ya kila mwaka ndiyo ilipie chakula, uuguzi na dawa za wagonjwa maskini. Spika akiridhika kwamba fedha ipo, hazina ya koloni itatoa pauni 2,000 nyingine za kujenga na kununua vifaa, kwa awamu mbili za mwaka mmoja mmoja. Wapinzani waliikubali wakidhani kiasi hicho hakitafikiwa, nao wapate sifa ya ukarimu bila gharama. Kwa mchangiaji mambo yalikuwa kinyume: kila pauni aliyotoa iliivuta nyingine kutoka hazina.

Ndipo Franklin akaandika wito wake katika Gazette ya tarehe 8 na 15 Agosti 1751. Alianza na maneno ya Injili kuhusu kumtazama mgonjwa, lakini nguvu ya wito ule, kwa maoni yangu, iko kwenye hesabu. Chukua mtu aliyekatwa mguu akiuguzwa kwenye chumba cha kupanga. Muuguzi, chumba na moto ni shilingi 15 kwa wiki katika wiki tatu au nne za mwanzo, na baadaye si chini ya shilingi 10. Kwa miezi miwili ni pauni 5, kwa kuwa pauni moja ilikuwa shilingi 20. Ongeza ada ya mpasuaji na gharama nyingine, unakaribia pauni 10. Hospitalini muuguzi mmoja na moto mmoja vinatosha wagonjwa kumi. Msomaji aliyezoea kuhesabu fedha zake hakuhitaji kulizwa ili atoe mchango.

Pauni 2,000 zilipatikana na kuzidi. Aliyechangia pauni 10 au zaidi alikuwa na kura ya kuwachagua wasimamizi 12, na kila msimamizi aliweka nyumbani kwake sanduku la bati lililoandikwa kwa herufi za dhahabu kwamba ni sadaka ya hospitali. Wagonjwa wa kwanza walipokelewa Februari 1752 katika nyumba ya kupanga iliyokuwa ya jaji John Kinsey. Si kila mtu aliingia: wasioweza kupona walikataliwa, wenye ndui na wenye upele walikataliwa mpaka vyumba vya kuwatenga vipatikane, na mama mwenye watoto wadogo alitakiwa kwanza awe na mtu wa kuwalea kwingine.

Dawa zilitolewa bure na madaktari mpaka Desemba 1752, shehena kutoka London ilipofika na hospitali ikafungua duka lake la dawa. Mchanganyaji dawa alilipwa pauni 15 kwa mwaka na alitakiwa kuleta wadhamini wawili. Ili kulipia shehena hiyo ulianzishwa mchango mwingine, safari hii miongoni mwa wajane na wanawake wengine wa mji.